Misuli, kitambi na mishipa ya damu uzeeni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wazee wenyewe, lakini zaidi na watoto wao, wanaomwona mzazi akinenepa huku nguvu zikimwishia. Majibu yanamhusu mtu wa miaka 60 na kuendelea. Mwenye ugonjwa wa moyo, figo au kisukari azungumze na daktari wake kabla ya kubadilisha chakula au kuanza mazoezi mapya.

Mama yangu ana kilo 85 na mwili umejaa. Inakuwaje aambiwe amepungukiwa misuli?

Mizani hupima mifupa, maji, mafuta na misuli kwa pamoja, halafu inakupa namba moja. Haikuambii kipi kimepanda na kipi kimeshuka. Mtu anaweza kubaki na kilo zilezile tangu miaka 50 hadi 70, kumbe misuli ya mapaja na makalio imeyeyuka na nafasi yake imechukuliwa na mafuta. Mengine hujipenyeza katikati ya nyuzi za misuli yenyewe, hivyo hata paja likionekana nene, nguvu hakuna.

Huko kupungua kwa misuli na nguvu uzeeni madaktari hukuita sakopenia. Kukikutana na unene, kunakuwa na hatari mbili ndani ya mwili mmoja, na ni vigumu kugundua. Kwetu kinachotisha ni kukonda. Mzee akipungua kilo mbili, majirani wanaanza kuuliza anaumwa nini. Akiongezeka kilo kumi anaambiwa amenawiri, anatunzwa vizuri. Hakuna anayeuliza kwa nini siku hizi akitaka kuinuka kwenye kochi lazima apewe mkono.

Si ni uzee tu? Kila mtu atafika huko.

Kwa sehemu, ndiyo. Kuanzia miaka 30 hivi mwili hupoteza misuli kwa wastani wa asilimia 3 hadi 8 kila miaka kumi, na baada ya 60 kasi huongezeka. Nguvu hupotea haraka kuliko nyama yenyewe. Neva zinazoamrisha misuli hupungua, homoni hushuka, na mwili unakuwa mzito kuitumia protini inayoliwa.

Lakini kuna sehemu tunayoisababisha sisi, na nadhani tunapaswa kuitazama bila aibu. Mama aliyekuwa analima, anachota maji na kupanda kilima kwenda kanisani au msikitini anahamishiwa mjini kwa mwanawe. Kwa heshima na upendo anakalishwa sebuleni. Akitaka kuinuka kufuata maji: “Mama kaa, nitakuletea.” Akishika ufagio ananyang'anywa. Chai inamfuata, chakula kinamfuata, televisheni iko mbele yake. Mwaka haujaisha, ngazi za ghorofa ya kwanza zinamshinda, na kila mtu anasema ni uzee.

Mishipa ya damu nayo hukakamaa kadiri umri unavyokwenda, na wapo watu wanaotuonesha kwamba kasi yake si ileile kwa kila mtu. Watsimane, jamii ya wenyeji wa Bolivia, wanaishi kwa kulima, kuwinda na kuvua, wakiwa kwenye mwendo sehemu kubwa ya mchana. Walipopigwa picha za CT (eksirei inayoonesha ndani ya mwili) na matokeo kutolewa mwaka 2017, 85 kati ya kila 100 hawakuwa na chembe ya chokaa kwenye mishipa ya moyo, na wote waliopimwa walikuwa watu wa makamo na wazee. Hata hivyo tusijidanganye kwamba kuishi kijijini peke yake kunatosha. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, wazee wa miaka 70 na kuendelea walipopimwa, karibu 7 kati ya 10 walikutwa na shinikizo la juu la damu, na wengi wao walikuwa hawajui.

Misuli ya miguu na mishipa ya damu vinahusiana vipi?

Tuanzie kwenye mshipa. Aota, mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo, ukiwa na afya huvutika kama mpira wa manati: moyo ukipiga unatanuka kupokea damu, kisha unajirudi taratibu na kuisukuma mbele. Miaka ikienda, nyuzi zake zinazovutika, ziitwazo elastini, hukatikakatika, nyuzi ngumu za kolajeni huongezeka, na chokaa hujishika ukutani. Mshipa uliokakamaa hautanuki. Kila pigo la moyo linapita kwa kishindo mpaka kwenye mishipa midogo ya ubongo na figo, ambayo haikuumbwa kubeba kishindo hicho. Moyo nao unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi.

Unaweza kuona dalili yake kwenye mashine ya presha. Kwa wazee wengi namba ya juu hupanda na ya chini hushuka: 165 kwa 70, kwa mfano. Wengine hufurahi kwamba “ya chini iko sawa”. Tofauti kati ya namba hizo mbili ikizidi 60 kwa mzee, daktari huanza kufikiria mishipa iliyokakamaa. Hospitali zenye vifaa hupima kasi ya mpigo unavyosafiri kutoka shingoni hadi kwenye kinena. Ikizidi mita 10 kwa sekunde, mshipa umekuwa mgumu.

Sasa ongeza kitambi. Mafuta ya chini ya ngozi, yale ya mapajani na makalioni, hayana madhara makubwa kiasi hicho. Yanayosumbua ni ya ndani ya tumbo, yanayozunguka ini na utumbo. Hayo humwaga kemikali zinazochochea uvimbe wa ndani kwa ndani, usio na homa wala maumivu, unaoumiza kuta za mishipa na kubomoa misuli kwa wakati mmoja. Pia huifanya insulini, homoni inayoondoa sukari kwenye damu, isifanye kazi yake sawasawa.

Hapo ndipo misuli inapoingia. Ukishakula wali au ugali, sehemu kubwa ya sukari inayoondolewa kwenye damu kwa insulini huchukuliwa na misuli. Misuli ikipungua, sukari inabaki ikizunguka, inanata kwenye kolajeni ya mishipa na kuzidi kuikaza. Mwenye miguu dhaifu hatembei, na asipotembea kuta za ndani za mishipa hazipati ule mkondo mkali wa damu unaozifanya zitoe naitriki oksaidi, gesi inayolegeza mshipa. Mishipa iliyokaza nayo hupeleka damu kidogo kwenye misuli. Duara linafungwa, na kila mzunguko mtu anazidi kuchoka na tumbo linazidi kukua.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ehime nchini Japani walipima mapaja kwa CT na ugumu wa mishipa kwa pamoja. Wanaume wenye misuli michache ya mapaja ndio waliokuwa na mishipa migumu zaidi. Utafiti wa namna hiyo unaonesha vitu viwili vinavyokwenda pamoja, hauthibitishi kipi kimezaa kingine, na mimi naamini njia ni ya pande zote mbili. Utafiti mwingine mkubwa, uliofanyika katika nchi 17 na kutangazwa mwaka 2015, ulipima nguvu ya mkono wa watu wapatao 140,000 kwa kuwaminyisha kifaa. Nguvu ya kuminya ilitabiri nani atakufa mapema vizuri kuliko namba ya juu ya presha.

Nawezaje kumpima mzazi wangu nyumbani?

Kwa kiti. Chukua kiti cha kulia chakula, kigumu, kisicho na magurudumu, kiegemeze ukutani kisiteleze. Mzee akae, mikono aikunje kifuani, viganja vikiwa mabegani. Akisikia “anza”, asimame wima kabisa na kukaa, mara tano mfululizo, haraka kadiri anavyoweza bila kuhatarisha. Wewe simama karibu ukiwa na saa ya simu. Kwa vigezo vya Ulaya, akizidi sekunde 15 nguvu za miguu zimeshuka. Wataalamu wa Asia wamekaza zaidi: sekunde 12 tu zinatosha kutia shaka.

Usiangalie saa peke yake. Mtazame anavyoinuka. Je, anajirusha mbele mara mbili kabla makalio hayajaachia kiti? Mkono unamponyoka kifuani na kukimbilia gotini? Anapokaa, anashuka taratibu au anadondoka puu? Anayedondoka ameshapoteza breki za mapaja, na ndizo zinazomkinga asianguke bafuni.

Kisha mpime mwendo. Weka alama za mita nne sakafuni, atembee kwa mwendo wake wa kila siku. Akitumia sekunde tano au zaidi, ni polepole mno.

Kiuno kipime kwa utepe wa fundi cherehani, juu kidogo ya nyonga, usawa wa kitovu, akiwa ametoa pumzi. Mwanamke akizidi sentimita 80 na mwanaume 94, hatari ya kisukari na ya moyo huanza kupanda. Njia rahisi kukumbuka ni kwamba kiuno kisizidi nusu ya urefu wake: mama wa sentimita 160 anatakiwa awe chini ya 80. BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, siitegemei sana kwa wazee, kwa sababu ina upofu uleule wa mizani, na mzee akipinda mgongo hata urefu wake unadanganya.

Kwa hiyo nimwambie apunguze kula ili apungue?

Subiri kwanza. Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, hata kliniki. Mtu akipungua kwa kujinyima chakula tu, takriban robo ya uzito unaoondoka ni misuli na si mafuta. Kijana ataijenga tena. Mzee mara nyingi haijengi, na kilo zikirudi baadaye hurudi zaidi kama mafuta. Baada ya mwaka ana kilo zilezile, na misuli michache kuliko alivyoanza.

Nchini Marekani wazee wanene 160 wa miaka 65 na kuendelea walifuatiliwa kwa miezi sita, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Waliopunguza chakula pamoja na mazoezi walipungua uzito kwa karibu asilimia 9, mazoezi yawe ya aina yoyote. Tofauti ilikuwa ndani. Waliofanya mazoezi ya kuhema tu, kama kutembea, walipoteza asilimia 5 ya uzito wao usio wa mafuta. Waliofanya mazoezi ya nguvu walipoteza asilimia 2. Waliochanganya yote mawili walipoteza asilimia 3, na ndio waliopata uwezo mkubwa kuliko wote wa kutembea, kupanda ngazi na kuinua vitu.

Msimamo wangu ni huu: mtu wa miaka 70 asipewe karatasi ya “punguza kula” bila kuoneshwa papo hapo mazoezi ya nguvu na chakula cha protini. Apungue polepole, kilo mbili kwa mwezi hivi, si zaidi. Na mzee anayepungua bila kukusudia, hata kama alikuwa mnene, asipongezwe. Apelekwe hospitali akachunguzwe kifua kikuu, kisukari, saratani na matatizo ya tezi ya shingo.

Na sindano za kupunguza uzito?

Dawa za kundi la semaglutaidi hupunguza uzito kweli, na kwa wenye ugonjwa wa moyo zimeonesha faida. Ila sehemu ya uzito unaoondoka ni misuli, na hamu ya kula ikipotea, protini nayo inapotea. Mzee asizitumie kwa kununua mtandaoni au kwa kuazima kwa jirani. Zinahitaji daktari, na zinahitaji mazoezi ya nguvu.

Ale nini basi?

Mzee anahitaji gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 70 anahitaji gramu 70 hadi 84. Kwa wazee wetu wengi tatizo liko asubuhi: chai ya rangi yenye vijiko vitatu vya sukari na maandazi au chapati. Hapo misuli haijapata kitu. Mchana ugali mkubwa na mboga ya majani, usiku ndiyo kipande cha nyama, na mara nyingi mzee anawaachia wajukuu.

Anzia hapo asubuhi. Mayai mawili yana gramu 12 hivi za protini, kikombe cha maziwa au mtindi gramu 8. Kikombe cha maharage, kunde au mbaazi zilizopikwa kina takriban gramu 15. Kipande cha samaki au kuku cha gramu 100 kina 20 au zaidi. Dagaa ni hazina isiyopewa heshima yake: wana protini nyingi, bei yao inabebeka, na wakiliwa wazima na mifupa wanaleta kalisi. Mzee asiye na meno apewe dagaa wa kusaga kwenye mchuzi, maharage ya kuponda, mayai, mtindi. Supu ya mifupa inampasha mwili moto, lakini protini iko kwenye nyama iliyobaki sufuriani, kwa hiyo naye aile.

Kwenye sahani, punguza ugali au wali kwa theluthi na uzibe nafasi kwa maharage na mboga. Sukari ya chai na soda ndizo za kwanza kuondoka. Chumvi yote ya siku isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyojificha kwenye vidonge vya mchuzi na kwenye ng'onda. Samaki wa chumvi wanaweza kulowekwa na maji yakamwagwa. Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili manga hurudisha ladha.

Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla daktari hajamwambia kiasi.

Hatuna jimu. Afanye mazoezi gani?

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa wa miaka 65 na kuendelea dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa kuhema kiasi, mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi, na mazoezi ya kusimama imara siku tatu. Nyumbani hayo yote yanawezekana.

Kiti kile ulichompimia ndicho cha mazoezi. Ainuke na kukaa mara nane, apumzike, arudie mpaka raundi tatu. Asipoweza bila mikono, ongeza mto kwenye kiti kiwe juu, kisha wiki zikienda uuondoe. Asukume ukuta kwa viganja, kifua kikikaribia ukuta na kurudi. Ashike meza na kuinuka kwa vidole vya miguu. Abebe dumu kila mkono na kutembea nalo uani: la lita tatu ni kilo tatu, baadaye la tano. Kipimo cha kujua kama zoezi linafaa ni kwamba zile mara mbili tatu za mwisho ziwe ngumu kweli. Kuchezesha mikono hewani huku anazungumza hakujengi msuli.

Kazi nazo zinahesabika. Kulima bustani, kufua kwa mkono, kufagia uwanja: msimnyang'anye. Kwa Mwislamu, kurukuu na kusujudu katika swala tano za kila siku, kisha kuinuka kutoka chini, ni zoezi la miguu ambalo asiliache kwa kukimbilia kiti mapema, ila goti likimkatalia kabisa.

Ana presha. Akibeba uzito si atapata kiharusi?

Hofu hii ina msingi, ila imewaweka wazee wengi kwenye makochi bila sababu. Wakati wa kubeba, presha hupanda kwa muda, na hupanda zaidi mtu akibana pumzi. Baada ya wiki kadhaa za mazoezi, presha ya kila siku hushuka. Kwa hiyo atoe pumzi anapoinuka au anapoinua, avute anaposhuka, na asibane kamwe. Presha ikiwa 180 kwa 110 au zaidi akiwa ametulia, asianze. Kwanza itibiwe ishuke.

Kuna jambo dogo linalofaa kujulikana. Kwa vijana wanaobeba vyuma vizito sana bila zoezi lingine, baadhi ya tafiti zilikuta mishipa imekaza kidogo. Waliomalizia kwa kukimbia au kuendesha baiskeli hawakupata tatizo hilo. Mzee naye anufaike na hilo: amalize kila zoezi kwa matembezi ya dakika 15 au 20.

Maumivu ya kifua, kukosa pumzi ghafla, kizunguzungu kikali, mdomo kupinda au mkono kulegea: aache mara moja na apelekwe hospitali.

Magoti yanamuuma.

Goti bovu linahitaji paja lenye nguvu kuliko goti zima. Atumie kiti cha juu, asichuchumae, na aanze na mara chache. Maumivu kidogo yanayotulia ndani ya siku moja yanavumilika. Goti likivimba, apunguze.

Baba ana miaka 90. Si amechelewa?

Mwaka 1990 watafiti wa Boston walichukua wazee kumi wa nyumba ya kutunzia wazee, wenye wastani wa miaka 90, wakawafanyisha mazoezi mazito ya mapaja kwa wiki nane chini ya uangalizi. Waliomaliza waliongeza nguvu kwa wastani wa asilimia 174, na wawili hawakuhitaji tena mkongojo wa kutembelea. Miaka minne baadaye matokeo ya namna hiyo yakaonekana kwa wazee 100. Hakuna umri ambao msuli unakataa kufundishwa. Akiacha, nguvu nazo huanza kuondoka ndani ya wiki chache.

Amelazwa hospitali. Tumwache apumzike?

Daktari akiruhusu, msimwache. Wazee wenye afya njema waliojitolea kukaa kitandani siku 10 kwa ajili ya utafiti walipoteza karibu kilo nzima ya misuli ya miguu. Mgonjwa hupoteza haraka zaidi. Akae kitini wakati wa kula, atembee mpaka chooni akishikwa mkono, na chakula mnachompelekea kiwe na mayai, samaki au maharage. Uji mtupu hautoshi.

Kliniki wanampima presha na sukari tu. Niombe nini?

Omba waangalie anavyoinuka kitini na anavyotembea. Haigharimu chochote na haizidi dakika mbili. Omba presha ipimwe akiwa amekaa, kisha akiwa amesimama, maana baadhi ya dawa humshusha mno akisimama na ndipo anapoanguka. Kama anatumia dawa ya lehemu (kolesteroli) na misuli inamuuma, lisemwe hapo hapo. Asiiache kimyakimya, kwa sababu inaweza kubadilishwa au kupunguzwa. Ulizeni kama kuna mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Hospitali nyingi za mikoa wanaye, lakini mgonjwa hafiki kwake bila kuandikiwa.

Tanzania vituo vingi vina dirisha la wazee kwa wenye miaka 60 na kuendelea, kwa hiyo abebe kitambulisho. Nawe beba karatasi yenye sekunde zake za kiti, kiuno chake na presha za wiki nzima za nyumbani. Mkirudi baada ya miezi mitatu mpime tena kwa kiti kilekile, na andika kwenye karatasi hiyohiyo.